Spika Arobaini na Nane Zilizosahau Lugha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mitambo kutoka makao makuu. Mganga Mkuu wetu. Viongozi mlioketi mbele, na wenzetu mliokosa viti:

Makaribisho

Karibu sana katika Jengo la Wagonjwa wa Nje. Wengi wetu tunakuona kwa macho leo kwa mara ya kwanza, ingawa sahihi yako imetangulia kufika. Jisikie uko nyumbani. Maji ya kunywa yako mkono wako wa kulia.

Historia fupi

Zamani hapa mgonjwa aliitwa kwa mdomo. Karani alisimama mlangoni akapaza sauti, na mwenye masikio mazito zamu yake ilimpita amekaa. Miaka miwili iliyopita tukaletewa spika arobaini na nane za darini, zote zimeunganishwa kwa kebo za mtandao hadi chumba cha mitambo. Tangu hapo karani akisema "namba sitini na moja, chumba cha nane" kwa sauti ya kawaida, namba sitini na moja anasikia hata akiwa msalani.

Mtunzaji wa spika hizo ni fundi mmoja tu, mwanamke tunayemwita Mama Spika. Maneno yake ni ya kupima kwa kijiko. Ukimuuliza habari za asubuhi, kwanza hutazama dari, ndipo akakujibu.

Mafanikio

Kwa miaka miwili hakuna mgonjwa aliyekosa zamu kwa kutosikia. Mafanikio mengine tutayataja kwenye changamoto, kwa kuwa ndiko yalikopatikana.

Changamoto

Mheshimiwa, Jumatatu ya tarehe ishirini mwezi uliopita, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika uani, makao makuu yalituma programu mpya ya kuendeshea spika. Hatukuambiwa. Tulihisi ni maendeleo kwa sababu kila kitu kilizimika.

Programu ilitumwa kwa spika zote kwa mpigo, zikaigombea njia moja kama watu arobaini na nane kwenye mlango mmoja. Kumi na mbili zilipata nusu, zikawa zinawaka taa nyekundu na kuzima. Ishirini na tisa ziliipata nzima, lakini zikasahau kila zilichofundishwa, zikawa kama zimetoka kiwandani jana. Kila baada ya nusu dakika zilitoa salamu, kwa sauti ya mwanamke na kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Saba zilizobaki hazikuguswa. Moja kati ya hizo iko stoo, kwa hiyo asubuhi ile wagonjwa waliitwa kwa ufasaha mkubwa mbele ya mashuka. Bwana mmoja aliyekuja kung'olewa jino alikuwa ameshavuliwa kiatu chumba cha mifupa ndipo akauliza kulikoni.

Chini ya spika ya kumi na saba alikaa mama mzazi wa Mama Spika, amekuja kwa daktari wa macho. Bibi huyu ana adabu. Kila spika iliposalimu, aliitikia. Baada ya mara ya kumi akamwita binti yake, aliyekuwa juu ya ngazi.

"Mwanangu, huyu mwanamke ana nini? Kila nikimjibu anaanza upya."

"Mgonjwa, mama."

"Basi na yeye apewe namba."

Mama Spika hakucheka wala hakukimbia. Alikagua umeme, akakagua kebo moja baada ya nyingine, zote nzima. Akaishusha ile ya kumi na saba, akaiweka mezani na kuiunganisha na kompyuta yake kwa kebo fupi, mbali na mtandao. Akabonyeza kitufe kilichojificha tunduni kwa ncha ya pini, akahesabu hadi kumi, akairudishia programu ya zamani. Spika ikaita namba kwa Kiswahili safi. Akairudisha darini, akashika nyingine. Kufikia saa nane mchana alikuwa ameponya sita.

Aliposhuka ngazi baada ya ile ya sita, ile ya kwanza ikatoa salamu ya kigeni.

"Rafiki yangu amerudi," akasema Bibi.

Mama Spika akaketi kwenye kipandio cha chini cha ngazi, mkono shavuni. Hatukuwahi kumwona hivyo. Ni fundi aliyezoea kushindana na waya, na waya haziharibu tena alichokwisha kutengeneza. Karani wa mapokezi, anayesoma risala hii, alimsogelea.

"Shoga, umekosea wapi?"

"Sijakosea. Mimi natibu huku, kuna mtu anaambukiza kule."

Kompyuta ya makao makuu, kila ilipoona spika yenye programu ya zamani, iliidhania imechelewa, ikaitumia mpya. Akapiga simu. Tulikuwa tumemzunguka, tukasikia yote.

"Kwenye kioo changu spika zenu zote ni za kijani," akasema kijana wa huko.

"Huku zinasalimia watu kwa lugha isiyojulikana."

"Lakini ni za kijani, dada."

"Naomba usimamishe kutuma."

"Ruhusa hiyo anayo Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko kikaoni."

"Kikao kinaisha lini?"

"Ijumaa."

Mheshimiwa, hapa tunaomba tuache utani kidogo. Saa tisa alasiri mtoto mwenye homa kali aliitwa chumba cha nane, mara moja, mara ya pili. Mama yake alikuwa amekaa chini ya spika yenye taa nyekundu. Muuguzi aliwatafuta benchi kwa benchi, na alipowapata mtoto alikuwa ameanza kulegea. Alitibiwa, akapona. Lakini Mama Spika alikuwa amesimama pale na ngazi yake begani, akaona yote.

Akaenda chumba cha mitambo. Aliporudi alisema, "Nimechomoa kebo ya makao makuu. Wakiuliza, ni mimi."

Kisha akapanda ngazi. Alizitibu spika moja moja siku mbili mfululizo. Zile kumi na mbili zilimtoa jasho. Moja ya korido ya pili ilikataa mara tatu. Karani alikauka sauti kwa kuita, wauguzi wakapokezana. Jumatano adhuhuri, spika zote arobaini na nane zilisema neno moja kwa pamoja, na watu waliokuwa foleni wakapiga makofi.

Tarehe tatu mwezi huu ikaja barua yenye sahihi yako. Inasema amekata mawasiliano na makao makuu bila idhini, ajieleze ndani ya siku kumi na nne kwa nini asiondolewe kazini. Leo ni siku ya kumi na tatu, na hajaandika kitu. Tulipombana alisema, "Nieleze nini? Nilichomoa."

Maombi

Tunaomba programu mpya zije foleni ikiisha, na tuambiwe siku moja kabla. Tunaomba pia kila programu ijaribiwe kwanza kwenye spika moja kwa siku saba. Kwa heshima zote, tunapendekeza ile ya ofisini kwako. Fundi aliye karibu na mgonjwa apewe ruhusa ya kusema "simama" bila kungoja Ijumaa.

Na ombi kubwa, lililotufanya tuombe nafasi hii: maelezo uliyoyadai kwa barua ndiyo haya uliyoyasikia. Yapokee kama ameyaandika yeye.

Hakujua tungesoma nini. Tulimwambia ni risala ya kawaida, akatuwekea kipaza sauti, akaenda kusimama nyuma. Tunamwona pale mlangoni, anatupungia mkono tunyamaze.

Hatunyamazi, Mheshimiwa.

Mwenyezi Mungu akujalie safari njema, afya tele, masikio mepesi, na mkono usioona aibu kufuta ulichoandika.

Ni sisi,
Umoja wa Wafanyakazi wa Jengo la Wagonjwa wa Nje