Kiboksi cha Pili cha Odwori

Benchi letu liko nje ya stoo ya akina mama wa dagaa, hapa Busia, karibu na mpaka. Mimi, wanayeniita kukhu, yaani bibi, ndiye nachemsha kahawa, kwa hiyo umbea unapita kwangu kabla haujapoa. Jumanne hiyo umbea ulikuwa wa simu. Odwori fundi tunamwita Waya, maana hakuna redio ambayo hajaifungua, na nyingine hazijafungika tena. Alikuwa ametuwekea stoo kiboksi kidogo kama kipande cha sabuni, kinachopiga simu kwa mtandao, bila vocha. Kilikuwa na simu mbili: moja ndani, moja hapa dirishani. Mwezi mzima kilitii. Basi juzi akanakili memori kadi yake, akatia kadi mpya kwenye kiboksi cha pili, akakituma zahanati ya Mella, kule Tororo, ambako Atai, binti wa Amoit wa hapa stoo, anangoja kujifungua. Mtoto alikuwa amelala tumboni kwa kukingama. Nesi alisema asipogeuka, Atai atapelekwa hospitali kubwa Tororo mjini. Na simu ya Atai mwenyewe ilizama kwenye ndoo ya kufulia. Amoit alikuwa amesimama dirishani, kikapu begani, viatu vya safari miguuni. Alitaka kujua jambo moja tu: aende Mella au Tororo?

Akabonyeza mbili, sifuri, moja, kuipigia Mella. Simu ikalia ndani ya stoo. Edeku, dalali wa mpakani tunayemwita Kastamu, akaingia akaipokea.

— Halo, Mella?

— Edeku, weka chini! Ni mimi, niko hapa dirishani!

— Oo. Basi nakusikia vizuri sana, mama. Mtandao uko sawa.

Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Amoit hakucheka.

— Tangu jana hivi, akasema. Napiga Mella, inalia hapa hapa. Waya, wewe ulifanya nini?

— Mama, mimi nilinakili tu, Odwori akajibu, macho kwenye kompyuta yake. Kila kitu kiko vilevile. Hata nukta moja haijapotea.

— Mimi nawaambia ni mpaka, Edeku akasema, akirudi kukaa. Simu inafika pale kwa geti, inaulizwa karatasi. Haina karatasi, inarudi. Hata ng'ombe wanarudishwa. Wazee wanasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo methali ni ya nini sasa? nikamuuliza.

— Ya forodha, kukhu.

Kevo, kijana wa upande wa Kenya anayeuza kava za simu, akatikisa kichwa.

— Buda, unacheza. Hiyo simu haiendi kwa geti, inapita juu. Ni ule mwamba wa Tororo. Sauti inagonga jiwe, inarudi hapa. Si ukipiga kelele pale unajisikia?

— Na jana ilipolia mara mbili? Edeku akauliza.

— Iligonga mara mbili. Jiwe ni kubwa hilo.

— Mimi siwezi kunyamaza, nikasema, na Mungu anisamehe. Mwenye stoo ya jirani ana wivu na hii simu. Jumapili nilimwona akikizunguka kiboksi chetu, akijifanya anatafuta kuku. Na kuku hana!

— Kukhu, wewe! Odwori akasema.

— Mimi nimesema kuku hana. Mengine mmeongeza wenyewe.

Edeku akainua kikombe. — Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana kiboksi kimoja kimejaa, sasa kinamwagikia hapa.

— Nyinyi! Amoit akapiga dirisha kwa kiganja. Gari la Mella linaondoka saa nne, la Tororo saa nne. Nipande lipi?

Ndipo akafika Apendi, mama mmoja Mjopadhola aliyekuja kununua dagaa. Mgongoni hana mtoto tena, lakini anajulikana: alizaa mapacha mara mbili. Nikampa kahawa, nikamweleza yote, na ya yule jirani pia. Akanywa, akavitazama vikombe, akamtazama Odwori.

— Hivyo viboksi vimetoka tumbo moja?

— Ndiyo, mama. Kadi moja.

— Wa kwanza mkimwita, anaitwa nani?

— Mbili sifuri moja.

— Na wa pili mlimpa jina gani?

— Mbili sifuri… moja, Odwori akasema, akajipiga paji la uso.

— Kwetu hata kabla kitovu hakijakatwa, Apendi akasema, huyu wa kwanza ni Opio, huyu wa pili ni Odongo. Ukiwaita wote Opio, anaitika aliye karibu.

— Lakini Mella ni mbali, Odwori akanong'ona. Siwezi kukibadilisha nikiwa hapa.

— Basi badilisha huyu.

— Huyu ni mkubwa! Edeku akaruka. Mkubwa hanyang'anywi jina akapewa mdogo. Ni mwiko!

— Nyang'anya, Amoit akasema.

Odwori akaandika, akafuta, akaandika. Jasho likamdondoka juu ya vitufe. Simu yetu ya ndani ikawa mbili sifuri tano; mbili sifuri moja akaielekeza Mella. Akazima, akawasha. Amoit akabonyeza.

Ndani ya stoo, kimya.

Kisha Amoit akanyoosha mgongo. — Halo? Nesi Joanita? … Ndiyo, mamake. … Alfajiri? … Amejigeuza mwenyewe?

Akaweka mkonga wa simu chini taratibu, akarekebisha kikapu.

— Amezaliwa msichana, akasema. Napanda la Mella. Wananingoja nikatoe jina.

— Mama, Odwori akaanza, uso umechangamka, mimi ningependekeza…

— Wewe Waya, Amoit akasema, akishika njia, mambo ya majina usitie mdomo.