Vipimo Nilivyovitunga Haneti

Wapendwa, nimesimama kwa furaha, ingawa habari yangu inaanza kwa aibu. Hapa Ipagala mnanijua kama mwimbaji wa kwaya. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu kwenye machimbo ya mambo ya kale. Wenzangu wanachimba tabaka kwa tabaka, mimi naingiza kwenye kishikwambi kila kinachopatikana: kimetoka wapi, kwenye kina cha kiasi gani, udongo wa rangi gani. Ndugu zangu, udongo ukishachimbwa haurudi. Kinachobaki ni maandishi tu.

Tulikuwa tunachimba kijijini Haneti. Kila jioni nilitakiwa kuhamishia kumbukumbu kwenye kompyuta ya kambi. Nikawa nasema kesho. Kesho ikawa wiki tatu. Mnacheka, lakini nani hapa hana kesho yake? Siku moja kishikwambi kikaniponyoka, kikapiga jiwe, kikazima. Fundi wa mjini alishindwa kuokoa chochote.

Msimamizi wetu akaniuliza, "Kumbukumbu zipo?"

"Zipo, mzee."

Nikapewa kishikwambi kingine, nikaanza kutunga. Namba zikatoka kichwani mwangu kama maji bombani. Nilikuwa siombi tena, maana ningemwambia nini Mungu?

Mmoja wa wachimbaji alikuwa mama Mgogo, mkulima wa palepale. Nikawa namsomea orodha ya vitu alivyovitoa, ili nionekane nahakiki. Nilipofika kwenye shanga, nilizoandika zimetoka tabaka la juu, akanishika mkono.

"Mwanangu, hizo hazikutoka juu. Nilizitoa mimi, chini kabisa, kwenye majivu."

"Labda umesahau, mama."

Akanitazama. "Mimi sisahau. Wewe umeandika uongo?"

Wapendwa, nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Akanisubiri nimalize, akasema, "Haya, inuka. Twende kwa mzee, nakusindikiza."

Nikaeleza yote. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ileile ningekasirika. Leo nimeumia." Nikajua nafungasha virago. Lakini akasimamisha uchimbaji, akaita wote. "Futeni alichotunga. Tuanze na tulivyonavyo."

Na tulikuwa navyo, ila mimi niliogopa kuvigusa nisishtukiwe! Kila mfuko ulikuwa na kikaratasi ndani, kilichoandikwa kwa mkono wakati wa kuchimba. Picha zilikuwemo kwenye kamera. Kuta za shimo bado zilionyesha matabaka, tukayapima upya. Yule mama na wenzake wakasimulia, tukalinganisha na vikaratasi. Pale tulipokosa ushahidi niliandika "haijulikani", na kila nilipoliandika neno hilo nilipumua.

Baadaye akaja mkaguzi. Akachomoa mifuko bila mpangilio, akalinganisha na kompyuta. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Akaendelea mpaka akachoka! Akasema, "Kumbukumbu hizi naziamini, kwa sababu zinakiri zisichokijua." Yule mama akapiga kigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka. Leo hii mimi ndiye ninayefundisha watunza kumbukumbu wapya.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule aliyenisindikiza badala ya kunisema pembeni, na mzee aliyeumia lakini hakunitupa. Nawaambia, kama kuna jambo umelifunika, usingoje ligunduliwe. Tafuta mtu wa kukusindikiza, uende ukaliseme leo. Mimi nilidhani ukweli utanifukuza kazi. Ndio ulionirudisha kazini, na ukanirudisha kwenye maombi.