Sista Efrazia na Ugali wa Nyamisangura

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Sista Efrazia Nyangwine anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, na wapenda ugali wote wa Tarime sasa wanaweza kupumua.

Alianza kazi Ringwani, akahamia kwetu kusimamia kliniki ya lishe, na hapo mizani ikawa silaha yake. Hata sisi wafanyakazi, tukimwona anakuja wakati wa chai, chapati ya pili iliingia mfukoni. Wapo wagonjwa waliovua viatu, kofia na mkanda kabla ya kupimwa. Haikuwasaidia.

Ila mtoto mmoja alimshinda. Robi, binti wa Teresia wa Nyamisangura, alizidi kunenepa kila alipoletwa. Sista akamgombeza Teresia mbele ya foleni nzima kwamba anamnenepesha mtoto kama ndama wa mnada. Mama wa watu akapunguza chakula, majirani wakamcheka, na Robi akakutwa jikoni analia huku akitafuna muhogo mbichi.

Kisha Sista akaenda semina Mwanza. Huko walifundishwa kwamba seli zetu zina vinywele vidogo mno vya kupokea taarifa, na vile vya kwenye ubongo huusaidia mwili kujua umeshiba. Mtu akizaliwa navyo vikiwa na hitilafu, anaweza kula vizuri na bado akabaki na njaa ya kweli. Dalili zikatajwa: unene tangu utotoni, kidole cha ziada, kutoona vizuri gizani. Sista akakumbuka miguu ya Robi yenye vidole sita sita. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya utumishi wake, aliacha chakula cha semina.

Hospitali ya rufaa ilipothibitisha kwamba Robi alizaliwa na hitilafu hiyo, Sista hakutuma salamu. Alikwenda mwenyewe kuomba radhi mbele ya majirani walewale. Bibi yake Robi akamjibu kwamba nyumbani kwake radhi ya mtu mwenye njaa haipokelewi, akamwekea ugali wa mtama. Akala. Akaongezewa, akala tena, na inasemekana kifungo kimoja cha gauni kililegezwa.

Tangu hapo huuliza kwanza mtu anasikiaje njaa, mizani baadaye. Robi bado ni mnene, na kabati la chakula kwao hufungwa kwa makubaliano ya wote, yeye akiwemo. Lakini hakuna anayemwita mlafi tena, wala mama yake hainamishi kichwa akija kliniki.

Sista wetu, asante sana. Tutakukumbuka, na chapati zetu pia. Tunakutakia maisha mema na afya tele. Chakula cha leo kitapakuliwa na Robi mwenyewe, naye ametuagiza tukuambie kwamba hataki kusikia umeshiba.