Alilolibakiza Mhandisi wa Boila

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, na mtanivumilia sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba kilichopakana na karakana, akiwa kifungua mimba wa fundi wa kuchomelea, na mama yetu alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kuuliza kabla hajajua kutembea. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1980, na Januari iliyofuata akaajiriwa na kampuni ya boila, mitambo ya kuchemshia maji yawe mvuke, akakaa huko mpaka kustaafu. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mwanamke pekee aliyemweza kwa ubishi, wakajaliwa binti mmoja, naye ni mhandisi katika kampuni hiyohiyo.

Mwaka 2009 kampuni, baada ya kuchoka kuona wakongwe wakiondoka na ujuzi wao kichwani, ilimkabidhi marehemu kazi ya kuukusanya, akawa anakaa na kila mmoja mbele ya kinasa sauti, anamchimba taratibu, na mwishoni anamuuliza kama kuna lililobaki. Wa kwanza kujibu hakuna alikuwa fundi bomba, mzima kabisa wa afya, na wiki hiyohiyo tukamzika, akafuata mchora ramani, kisha msimamizi wa tanuru, hata wazee wakawa wakimwona kwenye korido wanageuza njia, na waliokubali kuhojiwa wote walijibu kwamba lipo dogo, watalileta kesho. Marehemu aliwacheka sana, lakini shemeji ameniruhusu niseme kwamba yeye mwenyewe alipohojiwa, mwaka 2017, alijibu kwamba lipo dogo.

Ugonjwa wa ini ulimshika Aprili 2022, madaktari wakatuambia tujiandae, lakini yeye akaendelea kudunda, akiwatania wauguzi, na kampuni ilipotuma watu kitandani kwake wamuulize hilo dogo alijifanya amelala. Tarehe 19 Novemba, saa nane mchana, binti alimpigia simu kutoka chumba cha boila kongwe, presha inapanda, vali ya usalama imekwama, mvuke umeziba njia ya mlangoni, na shemeji alipomshika mkono asijibu, marehemu alimtazama kwa upole, kisha akamwelekeza binti mahali pa kupapasa koki iliyofichika, nyuma ya tangi, na upande wa kuizungusha. Presha iliposhuka binti akamuuliza, kwa mazoea ya kazi, kama kuna lililobaki, baba yake akajibu hakuna, akamrudishia shemeji simu, akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotufungulia nyumba zenu, na wafanyakazi wenzake mtakaolibeba jeneza. Kwenu ninyi wa kampuni tuna ombi, mahali pale nyuma ya tangi sasa anapajua binti peke yake, mpeni pole, mkumbatieni, lakini msimuulize, na hicho kinasa sauti mlichokiweka karibu naye, tafadhali kizimeni.

Kaka, mzigo wako umeutua wote, pumzika.