Kiangazi cha Papa Kyungu

Baada ya miaka ishirini na saba katika Kituo chetu cha Mabonde ya Mito, Papa Donatien Kyungu anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1998. Kurugenzi imeniomba niandike maneno ya heshima. Bon, nitajaribu, lakini mtu mwenyewe mnamjua.

Alizaliwa Kalemie, akaja Ubelgiji kusomea uhandisi wa maji, na mwaka 1971 akaajiriwa hapa kupima theluji ya Alpi. Anasema aliipata kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kupanda. Mara ya kwanza alipanda na viatu vya kanisani. Alishuka kwa makalio, ufito wa kupimia ameushika kama mshumaa wa Pasaka, ila vipimo vilikuwa sahihi. Kuanzia hapo ofisi ikamnunulia viatu.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia jambo moja: theluji ya mlimani ikipungua, mto unakuwaje, na majani ya bondeni yanakuwaje. Kwenye majani alizidisha bidii. Alipanda lengalenga, ule mchicha wa kwetu, dirishani mwa ofisi, akawa anaimwagilia maji ya mto yaliyobaki maabara, na mkurugenzi alipouliza akaambiwa huo ni utafiti wa uoto. Utafiti ulipikwa kila Ijumaa pamoja na ndagala, dagaa wakavu wa kwao. Harufu ndiyo iliyohamishia mikutano ghorofa ya tatu, na mpaka leo iko huko huko.

Mwaka 1989 alianzisha jarida letu la Kiswahili, ili Wakongo na Warundi wa Brussels, na ndugu zao nyumbani, wasome habari za mito bila kungoja wakubwa wawachujie. Mimi Rukiya, wa Bujumbura, niliajiriwa kulihariri. Sehemu kubwa ya kazi imekuwa kumwamsha kwenye mikutano.

Mwaka 1993 wafadhili wakauliza: hivi kuna mtu anayesoma habari za theluji kwa Kiswahili? Swali la haki, na jibu hatukuwa nalo. Wakatangaza watakuja wenyewe. Wakikosa kuona wasomaji, jarida linafungwa na sisi wawili tunafungasha virago. Papa Kyungu alikuwa na watoto wanasoma na nyumba ya kupanga kule Berchem-Sainte-Agathe. Alikonda. Hata lengalenga ilimshinda kula. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nilijionea.

Katika hofu hiyo akaandika makala ya mwisho wa toleo na kuipeleka kwa mpiga chapa bila kunionyesha. Humo alisema kwamba wakati wa kiangazi mto hujaa. Alikuwa anawaza kwa Kifaransa, maskini. Wenyeji wa hapa wana été yao, miezi ya joto, na ndipo theluji ya Alpi inapoyeyuka na mito kufurika. Kwetu kiangazi ni miezi isiyo na tone la mvua. Mtoto wa chekechea Kalemie anajua kwamba wakati huo kijito kinabaki mawe matupu.

Simu zikaanza asubuhi. Tonton mmoja, mzee wa mtaa wa Forest, aliuliza kama ofisi nzima imelewa au ni mwandishi peke yake. Wafadhili walipofika walitukuta tumeshika simu huku na huku, tunaomba radhi. Hawajakaa vizuri, akaingia Maman Thérèse, mzaliwa wa Kalemie anayetunza wazee Anderlecht. Mapokezi aliyapita kama hayapo, jarida amelikunja mkononi, akasimama mbele ya meza yao.

"Papa Kyungu, kiangazi mayi inakaukaka. Alors, muto yako inajalaka na nini? Na machozi?"

Mwenyekiti wa wafadhili akaomba tafsiri. Papa Kyungu angeweza kusema mama amekuja kutoa shukrani, na nani angejua? Alitafsiri neno kwa neno, machozi yakiwemo. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema wasomaji wa namna hii hajawahi kuwaona popote. Jarida likabaki. Kupotea njia ndiko kujua njia, walisema wahenga, ingawa wao hawakupotea mbele ya wafadhili.

Toka siku ile akawa anaandika "miezi ya joto", kwa unyonge wote. Lakini vipimo vyake navyo vilikuwa na safari yao. Katika lile bonde dogo alikoshuka kwa makalio, theluji ilizidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, na ikawa inayeyuka mapema, kabla mashamba hayajaihitaji. Julai hii kijito chake kilibaki mawe, na majani ya kingoni yakapauka. Aliporudi kutoka huko hakutania mtu wiki nzima, na mimi niliogopa.

Toleo lake la mwisho limetoka wiki hii. Kwa mkono wake amelirudisha lile neno: wakati wa kiangazi, ameandika, kijito cha Alpi hukauka. Tukakaa kusubiri simu. Imekuja moja tu, ya Maman Thérèse, na alichosema ni "Voilà," yaani ndiyo hivyo. Papa Kyungu aliweka simu chini taratibu akaenda kumwagilia lengalenga.

Papa, asante kwa jarida, kwa vicheko, na hata kwa ndagala. Kapumzike Berchem; lengalenga tutaitunza sisi. Tunakuombea afya na umri mrefu, na kuhusu kile kijito, tunakuombea kwa moyo wote uwe umekosea tena.