Mwalimu Aliyeogopa Ukimya

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo ninazungumza nanyi nikiwa na hofu, na sitaki kuificha. Tunamkumbuka mwalimu aliyefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Alifundisha hesabu za biashara kupitia mtandao. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, kila mmoja kwake, na wengi hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Walimwita Mwalimu Mpo, maana hakuanza somo kabla hajauliza “Mpo?” na kila mmoja kuitika kwa sauti yake.

Alikuwa mwoga. Narudia, wapendwa: alikuwa mwoga. Mumewe, dereva wa lori, ananiambia, “Nikichelewa kidogo tu, mwenzangu keshaniwekea matanga!”

Ndiyo maana alimpa kila mwanafunzi jirani wa darasani. Kila mmoja alimpa jirani yake huyo namba ya simu ya mtu anayeishi karibu na nyumba yake. Wakamcheka. “Mwalimu, tumekuja kusoma au kuposana?” Naye akasema, “Chekeni, lakini namba nazitaka.”

Basi, asubuhi moja ya mvua, fundi cherehani mmoja aliingia darasani kwa simu, akiwa chumbani kwake na mwanawe mchanga. Mwalimu alipomwita, hakuitika. Wenzake wakasema ni mtandao. Mwalimu akasema, “Kipaza sauti chake kiko wazi. Nyamazeni.”

Wakasikia mtoto analia. Kisha mtoto akanyamaza.

Darasa hilo lilirekodiwa. Nimelisikiliza, na sitawarushia hewani, kwa sababu mimi mwenyewe nilivua vifaa vya masikioni nikatoka nje. Unamsikia mwalimu akiita. “Mwanangu, mpo? Jamani, mpo?”

Jirani wa darasani wa yule fundi alikuwa kinyozi, tena wa mji mwingine. Akampigia simu mama mwenye nyumba wa fundi, kwa namba aliyopewa. Haikupokelewa. Akapiga tena.

“Wewe nani?”

“Jirani yake, mama.”

“Jirani gani? Majirani zake nawajua wote!”

“Mama, vunja mlango kwanza, tutatambulishana baadaye!”

Darasa zima lilisikia mlango ukigongwa. Ukagongwa tena. Ukavunjika. Ndani kulikuwa na jiko la mkaa, lililoingizwa kumpasha mtoto joto, na madirisha yamefungwa, hewa imejaa sumu ya mkaa. Mama mwenye nyumba akapiga kelele, akawaburuta nje. Halafu, kwa mbali, mtoto akalia, na wanafunzi wakalia naye.

Wote wawili walipona. Narudia, walipona. Fundi anasema, “Nilisikia mwalimu ananiita. Nilitaka kujibu, ulimi ukagoma.”

Watu wakampongeza mwalimu. Lakini mumewe anasema mkewe hakulala usiku huo. Alikaa kitandani akamuuliza, “Mume wangu, ni wangapi walinyamaza zamani, nami nikadhani ni mtandao?” Swali hilo linanitisha mpaka sasa.

Kwa mume wa marehemu, wanawe na wanafunzi wake, poleni sana. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe mwalimu wetu kwa amani.

Nawe unayenisikiliza, yupo mtu wako aliyenyamaza. Umeshamfikiria hapo ulipo. Usingoje nimalize kipindi. Zima redio, umpigie.