Joël Kyungu, Bingwa Aliyeitwa Kinyumenyume

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, kaeni vizuri, maana familia imenituma mimi dada yake mkubwa, Jeanne, niwasomee maisha ya mdogo wangu kama yalivyokuwa, si kama yalivyosimuliwa saluni.

Marehemu Joël Kyungu Musoya alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 mjini Likasi, Katanga, akiwa mtoto wa mwisho wa Papa Musoya, fundi wa reli, na Mama Marthe, akasoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaingia sekondari na kuiacha mwaka wa pili, kwa kuwa mwili ulikuwa umelishinda dawati, na mwalimu mwenyewe alishaanza kumwogopa.

Mwaka 1969 alipata kazi ya kupakia saruji, na jioni akawa anajifunza ngumi kwa mwalimu mmoja mkali, aliyemfundisha mtu kurudi nyuma kwanza ndipo amfundishe kupiga, jambo lililowaudhi watazamaji wa zamani zile, ambao kwao bondia mzuri ni yule anayekwenda mbele tu kama ng'ombe aliyeona majani mabichi, basi wakambandika marehemu jina la Kinyumenyume, na sisi akina mama wa nyumbani kwao tulipokwenda sokoni tukaitwa ukoo wa kinyumenyume, hata mboga tukauziwa kwa kicheko.

Jumamosi tarehe 11 Agosti 1979, mjini Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, alipambana na Marcellin, bingwa wa uzito wa juu wa jimbo, jitu la watu lililoitwa Nyundo, na katika raundi ya saba, wakati marehemu ameshajitenga na mikono yake iko kidevuni, Nyundo alisimama kidogo, akakunja uso kama aliyekumbuka msiba, akaanguka kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba, mkanda ukahama kiuno, na kabla ya jua kuzama mji mzima ulikuwa umeshakata shauri kwamba ile ni dawa, kwa sababu hakuna aliyeona ngumi.

Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na Victorine, binti mzuri kuliko alivyostahili, wakajaliwa Gradi, aliyebaki Likasi, na baada ya miaka mingi, wengine mkiwa mmeshasema kwamba dawa ile imemfunga mke tumbo, akazaliwa Murielle, hapa hapa Johannesburg, mwaka 2000, mkanyamaza.

Walifika mji huu mwaka 1998, wakapanga Jeppestown na baadaye Troyeville, marehemu akafanya kazi ya ulinzi kwenye karakana ya magari, na neno la dawa likapanda basi likawafuata, kiasi kwamba kila kanisa lilipotafuta wazee wapya jina lake lilitajwa na kurudishwa, akiambiwa, "Papa Joël, tubu tu ile dawa, tumalize," naye akijibu, "Nitubu nini ambacho sikufanya, nimdanganye Mungu ili niwafurahishe ninyi?" na Victorine akirudi nyumbani akivua viatu na kuingia jikoni, kwa miaka yote hiyo.

Mwaka 2022 aliugua figo, akatibiwa kwa uvumilivu, akalala Jumanne tarehe 10 Juni 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Victorine, ambaye aliomba kitu kimoja tu, kwamba mume wake asizikwe na lile neno.

Sasa juzi, Alhamisi mchana, pale matangani, ilipoulizwa kwa desturi yetu kama kuna mwenye neno na marehemu alitoe kabla ya udongo, alisimama Marcellin, Nyundo mwenyewe, ambaye siku hizi analinda mlango wa ghorofa moja hapa mjini, Hillbrow, na watu wakaacha hata kutafuna.

"Mama Victorine," akasema, "sina ubaya naye, nataka tu kujua alinipiga na nini, maana mpaka leo mimi sikuona kitu."

Victorine aliinamisha kichwa, akidhani ndiyo mwisho wa heshima ya mume wake, lakini Murielle, ambaye baba yake alimfundisha miguu ile ya kurudi nyuma uani tangu yuko mdogo, akainuka na kanga yake kiunoni, akasema, "Eish, papa Marcellin, weka mikono kama zamani, kuja, unifuate."

Mzee akamfuata, binti akarudi nyuma, mzee akanogewa, akainua mkono wa kulia apige, kiwiko kikaacha mbavu, na hapo binti akaweka mguu pembeni, akamgusa kwa ngumi ya kushoto chini ya mbavu, kwenye ini, akawa ameshaondoka, kwa maana ngumi ya ini haimwangushi mtu hapo hapo, humwacha avute pumzi mbili tatu kwanza, na mpigaji anaonekana yuko mbali, hana kosa.

Nyundo akashika ubavu, akasema, "Ni hapa, Mungu wangu, ni hapa hapa," akaanza kucheka, kisha akalia, na mzee mmoja wa kanisa, ambaye leo amekaa kiti cha mbele, akasafisha miwani isiyokuwa chafu.

Kwa hiyo tupime upya, Nyundo alikuwa na mkono mzito kuliko mabingwa wote waliomtangulia, hakuna anayemnyima, lakini pua yake mnaiona, na ya Joël nendeni mkaitazame kwenye jeneza, imenyooka kama alivyozaliwa nayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Troyeville mliopika, walinzi wenzake wa Jeppestown, na Marcellin, ambaye ameomba mwenyewe kubeba jeneza.

Yule mliyemwita Kinyumenyume leo yuko mbele yetu sote, na sisi ndio tunamfuata, Joël, mdogo wangu, pumzika kwa amani.